Siku Niliyofungua Oveni ya Mama

Iko Jumatano moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo huinuka nilipokaa nikaenda kuangalia swichi ya jikoni, hata kama hakuna kinachopikwa.

Nakuandikia kwa sababu nimesikia oveni yenu imeacha kutoa joto upande wa chini, na kwamba umeshanunua koili mpya, unataka kuifunga mwenyewe. Sikukatazi. Kazi yenyewe si ngumu: skurubu mbili, nyaya mbili, na uvumilivu. Fundi akikuambia ni kazi ya siku nzima anakutania. Lakini kabla hujashika bisibisi, kaa kidogo nikusimulie yaliyonipata mimi, maana nilikuwa na akili nyingi kuliko zilizohitajika, na akili zikikaa mahali pasipo pake hazimfai mwenyewe wala jirani.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu kama miezi saba hivi. Waliotutangulia walipangiwa kazi kabla vumbi la mahafali halijatulia. Sisi tulipofika tulikuta mambo yamegeuka: serikali inapunguza watu, viwanda vinasuasua, na kila mtu anaambiwa ajitafutie. Maduka ya Mukendo, mtaa wetu pale Musoma, yaliyokuwa matupu nilipokuwa sekondari, sasa yalijaa sabuni, redio na vitenge. Zamani watu walikuwa na hela na hakuna cha kununua. Sasa vitu vilitutazama kwenye rafu, nasi tukavitazama, tukaachana kwa amani.

Basi nilirudi Musoma kwa mama nikawa nasubiri majibu ya barua za kazi. Kusubiri kunamharibu mtu ambaye kwa asili ni mwenye wasiwasi. Jirani akinisalimia "habari za kazi," nilikaa jioni nzima nikijiuliza kama ilikuwa salamu au kejeli. Nilifikiri kila jambo mara tatu, kisha nikafikiri kwa nini nimelifikiri.

Mama yangu alikuwa mwokaji. Hakuwa na duka. Alikuwa mwokaji wa kuombwa. Ubatizo, kipaimara, harusi, watu walimjia. Alikuwa na jiko la umeme ambalo marehemu baba alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, sahani nne juu, mbili kati yake zimekufa, na oveni chini. Oveni ile mama aliijua kama mtu anavyojua ng'ombe wake wa maziwa. Aliingiza mkono ndani, akahesabu kimoyomoyo, akasema "bado" au "tayari." Hakuwa na hofu nayo hata kidogo. Litunze hilo kichwani.

Wiki hiyo alikuwa na keki ya Nyangeta. Nyangeta ni binti wa mama mkubwa, dada yake mama aliyeolewa Butiama, naye alikuwa afunge ndoa Jumamosi. Mayai yalikuwa yameletwa kutoka Butiama yakiwa yamefukiwa kwenye pumba ndani ya ndoo. Unga alitoa shangazi mmoja, sukari mwingine, siagi ya kopo ikatoka kwa mtu wa tatu aliyeitunza tangu Pasaka. Kila jamaa alikuwa ametoa alichonacho, na vikiharibika hakukuwa na vingine. Mama alikuwa amempa dada yake neno: keki itakuwepo.

Jumapili, tulipotoka kanisani, akajaribu mkate mdogo. Juu ulikuwa mwekundu mzuri. Chini ulikuwa mweupe, mbichi, unanata kama ugali wa mwanafunzi.

"Moto wa chini umekufa," mama akasema. Kisha akaniangalia. "Baba, si umesoma wewe?"

Nilikuwa nimesoma uchumi wa kilimo.

Jumatatu nikazunguka mjini. Dukani kulikuwa na koili mpya za kutosha, maana ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kinaingia. Lakini ziliingia za majiko mengine. Moja ndefu, moja fupi, moja ina miguu mitatu. Muuza duka akanishauri niikunje kidogo itaingia tu. Usimsikilize kamwe mtu wa aina hiyo, mwanangu. Koili haikunjwi, ukiikunja inapasuka ndani, nawe hutaona mpaka iungue.

Mama akasema, "Nenda kwa mjomba wako Bunda."

Mjomba Magesa alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kwa miaka mingi, na kiwanda kilipoanza kusuasua wakamrudisha nyumbani na asante. Alikuwa na maboksi ya vipuri alivyookota katika majiko mabovu ya nyumba za wafanyakazi, kila kimoja kimefungwa kamba. Nilimpa koili yetu iliyokufa, ambayo nilikuwa nimeifungua usiku ule ule wa Jumapili kwa kuhofia kwamba mama angeishika. Hapana, nakosea. Niliichomoa Jumatatu asubuhi, mgao wa umeme ulipoanza. Naam, ndivyo, na ndiyo maana nilijiona nimeshaijua kazi. Nyaya zake nilizirudisha ndani ya tundu lake nikafunika kwa karatasi.

Mjomba akachukua betri mbili za tochi na balbu ndogo, akagusisha nyaya kwenye ncha mbili za koili. Balbu haikuwaka.

"Imekatika kweli," akasema. "Wengi wananunuaga koili mpya kumbe ugonjwa uko kwenye swichi. Pima kwanza." Akatoa nyingine kwenye boksi, akapima, balbu ikawaka. Umbo lile lile, ncha zake zimeota kutu kidogo tu. "Hii itatuzika wewe na mimi, tutakufa tunaiacha."

Nikatoa daftari. Nilikuwa nimeandika maswali, mwanangu, kurasa nne. Je, waya wa kushoto ukienda kulia? Je, koili hii ikila umeme mwingi kuliko ile, nyaya za ukutani zitayeyuka? Je, skurubu ikikatikia ndani? Je, kutu ile itazuia umeme? Mjomba alijibu matano ya kwanza kwa upole, kisha akaniuliza:

"Huko chuoni mlikuwaga mnafundishwa kuoka?"

"Hapana, mjomba."

"Mlikuwa mnafundishwa kuogopa?" Akacheka mpaka akakohoa. "Bwana msomi, sikiliza. Alhamisi asubuhi nakuja Musoma mwenyewe. Nitaifunga kwa nusu saa, dada aoke jioni umeme ukirudi. Wewe usifungue kitu. Kutu hiyo nitaikwangua mwenyewe."

"Sawa, mjomba."

Nilisema sawa. Lakini njia nzima ya kurudi, koili ikiwa mapajani imefungwa gazeti, nilikuwa nafikiri. Je, basi likiharibika asije? Je, akija akakuta koili haifai, tutapata wapi nyingine kabla ya Ijumaa? Na je, watu wa Butiama wakisikia kwamba mama ana mtoto mwenye digrii lakini alisubiri mzee atoke Bunda kuja kukaza skurubu mbili? Hilo la mwisho ndilo lililoniuma, ingawa kwenye daftari sikuliandika. Wazee walisema kuuliza si ujinga, nami nilikuwa nimeuliza kurasa nne. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayeuliza, akajibiwa, kisha akaenda kufanya lake.

Jumatano ilipofika sikuweza kustahimili. Wasiwasi ukizidi huzaa haraka, na haraka ile ilikuja imevaa nguo za busara. Nilijiambia: nikiifunga leo, kesho mjomba atakuja kuikagua tu, na kama kuna kosa tutakuwa na siku nzima ya kulisahihisha. Maneno mazuri sana.

Inabidi nikueleze mgao ulivyokuwa, maana ninyi hamkuuona kwa namna ile. Wiki ile upande wetu umeme ulikatwa saa mbili asubuhi, ukarudi saa kumi na mbili jioni. Ilikuwa hivyo Jumatatu, ikawa hivyo Jumanne. Na kwa kuwa hukuwa na njia ya kujua umeme umerudi, kila nyumba iliacha swichi zimewashwa. Balbu ya sebuleni wazi, redio wazi. Mama naye, kwa mazoea, hata wiki ile oveni ikiwa mbovu, aliacha swichi ya jiko ukutani imewashwa, na oveni imezungushwa hadi katikati, ili umeme ukirudi oveni ianze kupata joto wakati yeye anakanda. Sahani za juu hazikuhitaji kuwashwa mapema hivyo, oveni ndiyo ilihitaji. Hakuna aliyeona ajabu. Mtaa mzima uliishi hivyo.

Saa saba mchana nikafungua mlango wa oveni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilipanga bisibisi mbili, koleo, msasa wa kukwangua kutu, tochi, kitambaa, na daftari limefunguliwa ukurasa wa tatu. Nilivaa kandambili za mpira kwa sababu nilisoma mahali kwamba mpira ni kinga. Mama akapita akasema, "Si mjomba wako anakuja kesho?"

"Namrahisishia kazi, mama."

Nikavuta zile nyaya mbili kutoka tunduni. Kila nikiziachia ili nikwangue ncha za koili, zinateleza zinarudi ndani nyuma ya ukuta wa oveni, na mimi nazivua tena kwa koleo kama mtu anayevua furu, visamaki vile vya ziwani, kwa vidole. Mara ya tatu nikamwita mama. Mtu aliyefikiria kutu, na skurubu, na nyaya za ukutani kuyeyuka, akamwambia mama yake apige magoti, aingize mkono ndani ya oveni, na ashike nyaya mbili zilizo wazi.

Mama akapiga magoti. Mkono ule ulikuwa umeingia mle ndani mara elfu.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Usiachie."

Nikageuka kukwangua kutu.

Balbu ya sebuleni ikawaka. Redio ikaanza katikati ya sentensi, mtu anasoma bei za mazao. Na nje, watoto wa Mukendo wakapiga kelele ile ya kila siku, "Umerudiii!", mtaa baada ya mtaa, kelele za furaha, na ndani ya kelele hiyo mama yangu alikuwa anapiga yake nami sikuitambua. Nusu ya pumzi nilidhani naye anashangilia.

Kisha nikaona bega lake linatikisika, na mkono hautoki.

Sikumbuki nilivyofika ukutani. Nakumbuka kwamba swichi ilikuwa nyekundu, kwamba ilikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa, na kwamba ilishuka kwa kidole kimoja bila kelele yoyote. Mama akaanguka ubavu. Alikuwa anahema. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeungua vyeupe, na jikoni kulikuwa na harufu ambayo sitakueleza.

Jirani yetu Mama Bhoke akaja mbio, tukampeleka zahanati. Moyo wake ulikuwa salama. Mganga akamfunga mkono akasema amshukuru Mungu, kwa kuwa waya mmoja ulimponyoka mwanzoni. Baadaye tukasikia sababu: kulikuwa na wageni wakubwa waliokuwa wakielekea Butiama, wakapumzika mjini, basi umeme ukarudishwa mapema. Hakuna aliyekuwa na kosa huko. Mji mzima ulifurahi.

Alhamisi asubuhi mjomba Magesa akaingia na mfuko wake wa zana. Akaukuta mkono wa dada yake ndani ya bandeji. Mama Bhoke, aliyekuwa amekuja na uji, akawahi kunisitiri. "Ndiyo hivyo tena, Magesa. Ajali haina kinga."

"Hii ilikuwa na kinga," mjomba akasema. "Ile pale ukutani. Nyekundu."

Kisha akanigeukia. Hakupaza sauti, na heri angepaza.

"Kwa nini hukuzima?"

"Umeme ulikuwa umekatika, mjomba."

"Ulikatwa na nani?"

"Na watu wa umeme."

"Basi na kuurudisha ni wao. Wewe ulikuwa umekata nini?"

Swali hilo halikuwamo kwenye daftari.

"Kule kwenye pamba," akaendelea, "mtu akitaka kufungua mashine anang'oa fyuzi zake kwanza, anaziweka mfukoni. Haziachi mezani. Hampi mwenzake amshikie. Anaenda nazo kula, anaenda nazo chooni. Msimamizi anaweza kuja anafoka, pamba imerundikana mpaka mlangoni, mashine haiwaki mpaka mwenye mfuko arudi. Tulikuwaga na watu hawajui kusoma kabisa, na wamestaafu na vidole vyao vyote kumi. Wewe umeandika kurasa nne."

"Mwache," mama akasema kutoka kitini. "Kaka, mwache. Keki ni kesho."

Mjomba akaniagiza ning'oe fyuzi ya jiko, ile ya kauri nyeupe, niitie mfukoni mwangu mwenyewe. Kisha akaketi juu ya ndoo akaniacha niifunge koili kwa mikono yangu, yeye hakugusa. Nilikwangua ncha, nikachomeka nyaya, nikakaza skurubu mbili. Dakika ishirini. Kisha nikairudisha fyuzi mahali pake.

Ijumaa alfajiri, kabla ya saa ya kukatwa, tukaoka. Mama hakuweza kushika mwiko. Alikaa kwenye kigoda akaniongoza, nami nikasaga siagi na sukari mpaka mkono ukafa ganzi. "Bado. Bado. Unaisugua kama unafua. Izungushe. Haya, yai moja. Moja, baba, siyo mawili." Ulipofika wakati wa kuwasha, mchanganyiko ukiwa tayari, akainuka taratibu. Nilidhani anakwenda kuwasha kama kawaida yake. Akaenda mlangoni, akasimama nje ya kizingiti.

"Washa wewe," akasema.

Keki iliiva. Upande mmoja uliinuka kuliko mwingine, tukaufunika kwa sukari, ikafika Butiama Jumamosi ikiwa nzima. Mama mkubwa alipiga vigelegele alipoiona. Neno la mama kwa dada yake halikuvunjika. Mama alicheza na wenzake, mkono wa kulia ameuficha ndani ya khanga.

Kidonda kilipona kwa wiki tano. Hilo ndilo watu waliloliona, wakasema limekwisha. Lakini tangu asubuhi ile mama hakuigusa tena swichi ya jiko lile. Mtu akija kuomba keki, alisubiri mpaka nipo. Nilipopata kazi nikahamia mbali, alimwita mtoto wa Mama Bhoke aje amuwashie, kisha akaona haya kumwita kila mara. Akarudi kwenye mkaa, na mkaa hauoki keki ya harusi. Nilipokuja likizo ya kwanza nikakuta masufuria yamepangwa ndani ya oveni kama kabati. Nikamuuliza. Akasema, "Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi." Macho yake yalikuwa yanachagua mchele jioni bila taa.

Hakuwahi kunilaumu, mpaka tulipomzika. Niliitengeneza oveni, mwanangu, nikamharibu mwokaji.

Sasa nasaha zangu, nawe zichukue hata kama zitakuudhi. Funga koili yako mwenyewe, ni jambo jema mtu kujua vitu vya nyumbani kwake. Pima ile ya zamani kabla hujaitupa. Hakikisha uliyonunua inalingana nayo. Lakini kabla ya yote, nenda ukazime kwa mkono wako, na kilichozima kiwe chini ya mamlaka yako wewe, si ya ratiba, si ya mgao, si ya mtu aliyekuambia "haupo." Kisicho na umeme sasa hivi na kilichozimwa ni vitu viwili. Usimwombe mtu ashike usichoweza kukishika kwa moyo mweupe wewe mwenyewe. Na aliyekuzidi akisema subiri, basi subiri, hata kama aibu inakuchoma. Aibu hupona haraka kuliko kidole.

Nakujua, kwa kuwa umenirithi. Wewe pia hulala na maswali. Nilikuwa nadhani kwamba kwa kuwa nina hofu nyingi basi mimi ni mtu wa hadhari. Sivyo. Hofu hukaa kichwani na kuzunguka, inaweza kujaza daftari. Hadhari huinuka ikaenda ukutani. Watu walisema hadhari kabla ya athari, hawakusema hofu. Ukijikuta una hofu ishirini, uliza ni ipi kati yake inayoweza kuua, kaishughulikie hiyo kwa mikono, na zile kumi na tisa zisubiri zamu.

Mungu akuongoze mikono, mwanangu. Jiko lako lisikose cha kupika, mlango wako usikose wa kumpikia. Na wote wanaokuamini kiasi cha kupiga magoti pale unapowaambia, Mungu akujalie uwainue wakiwa wazima.